Reli ya Karatasi: Kumbukumbu ya Clement Gillman

Katika mji wa Monterey, jimbo la California huko Marekani, aliishi mpiga picha aliyeitwa John Allen. Mapenzi yake yalikuwa reli ndogo ya mfano. Ndani ya nyumba yake aliunda milima iliyopanda toka sakafuni hata karibu na dari, akaitia madaraja, vituo na magari ya moshi, kila kitu kimepunguzwa hata kuwa sehemu moja kati ya 87 ya ukubwa wake wa kweli. Akaipa reli hiyo jina la mzaha, Gorre and Daphetid. Alifariki Januari 1973, na siku chache baadaye moto ukaiteketeza. Waliompenda wakabaki na picha na michoro tu.

Niliwasimulia wanafunzi wangu habari hizi siku moja, nikidhani nawachekesha. Mmoja wao, mzaliwa wa Iringa, hakucheka. Alisema: “Mwalimu, huyo alikuwa na reli nyumbani kwake. Sisi mkoa mzima hatuna reli mjini. Kwa nini?” Sikuwa na jibu fupi. Jibu refu lina jina la mtu ndani yake, na mtu huyo naye aliacha reli ndogo, ila yake ilikuwa ya karatasi.

Clement Gillman alizaliwa mwaka 1882. Alikuja nchi hii 1905, mwaka ambao Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam, naye akafanya kazi katika ujenzi huo. Reli ilifika Kigoma 1914, na vita vikafuata. Waingereza walipotwaa nchi, Gillman aliitumikia reli ile ile chini ya mabwana wapya, akapanda hata akawa Mhandisi Mkuu. Wapanda mlima wanamjua bila kumjua: ncha ya Gillman, katika ukingo wa shimo la Kibo juu ya Kilimanjaro, imepewa jina lake kwa sababu alifika huko 1921.

Basi uhandisi ulikuwa mkate wake. Lakini moyo wake ulikuwa katika jambo jingine. Alikusanya mimea, akachora ramani, akaandika shajara kwa miaka mingi. Kila alipotumwa kupima mstari wa reli alirudi na habari za udongo, miti, chemchemi na makazi ya watu. Wenziwe walitazama njia ya gari la moshi; yeye alitazama kilichokuwa kushoto na kulia kwake. Hapa ndipo ninapomwita mtu wa uraibu, wala simdharau kwa neno hilo. Elimu nyingi tuliyo nayo juu ya nchi hii ilianza kwa watu waliofanya kwa mapenzi kazi ambayo hawakuajiriwa kuifanya.

Mnamo miaka ya 1920 kulikuwa na mashindano juu ya nyanda zetu. Lord Delamere, kiongozi wa walowezi wa Kenya, aliitisha mkutano wa walowezi huko Tukuyu mwaka 1925. Nia yao ilikuwa kuiunganisha Afrika ya Mashariki, toka Kenya hata Rhodesia, chini ya mkono wa walowezi. Gavana Donald Cameron, aliyekuja Tanganyika mwaka huo huo, hakuipenda nia hiyo. Yeye alitaka reli itakayotoka Dodoma, ipite Iringa, ifike Fife mpakani mwa Rhodesia ya Kaskazini, ili nchi ya kusini-magharibi ifungamane na Dar es Salaam. Gillman akapewa kazi ya kupima. Taarifa yake ya 1929 ilikuwa juu ya upimaji wa awali wa reli ya “kuifungua” kusini-magharibi ya Tanganyika.

Neno hilo “kuifungua” hunikereketa. Nchi ya Mkwawa, aliyejiua mwaka 1898 asikamatwe na Wajerumani, haikuwa sanduku lililofungwa. Ilikuwa na njia zake, masoko yake na vita vyake. Ilifunguliwa kwa nani? Walakini tusimlaumu mpimaji peke yake; lugha ile ilikuwa lugha ya serikali nzima.

Na tuufikiri ugumu wa kazi yenyewe. Barabara ya leo itokayo Dodoma huvuka Ruaha Mkuu penye Mtera, mahali palipo kiasi cha mita 700 juu ya bahari. Kisha hupanda vilima vya Nyang'oro hata Iringa, kiasi cha mita 1,550. Lori hupanda hapo kwa kunguruma na kufuka moshi. Gari la moshi ni mnyama mwingine. Magurudumu ya chuma juu ya reli ya chuma huteleza, na mwinuko wa mita 2 kwa kila mita 100 ni mlima mkali kwake. Kwa hesabu hiyo, kupanda mita 850 kunataka kilomita 42 na nusu za mteremko usiokatika, nazo hazipatikani kwa kwenda moja kwa moja. Mstari hauna budi kujipinda ubavuni mwa milima kama nyoka. Iwe reli ingepita Nyang'oro au pengine, ilikuwa lazima kuupanda ukuta huo. Mpimaji huitafuta njia hiyo kwa miguu, mbugani na vichakani, kabla ya msumari mmoja kupigwa.

Hakuitafuta peke yake. Upimaji wa siku zile ulitaka wabeba mahema, wafyeka njia, washika fimbo na wavuta mnyororo. Juu ya taarifa kuna jina moja tu. Miguu mingi iliyoipima njia ile imebaki bila majina, na kwangu mimi huo ndio upungufu mkubwa wa kumbukumbu hii.

Reli haikujengwa. Mporomoko wa uchumi wa dunia ulioanza 1929 uliikausha hazina. Mstari wa Dodoma hata Fife ukabaki ulipokuwa: mezani.

Gillman hakukata tamaa na karatasi. Mwaka 1936 alitoa ramani ya makazi ya watu wa Tanganyika, akionyesha jinsi watu walivyosongamana penye maji ya kudumu na kuacha maeneo makubwa matupu. Ramani hiyo ilitufundisha mengi, ingawa nachelea neno “tupu”: pori lisilo nyumba laweza kuwa malisho ya mtu, au mzinga wake wa nyuki. Alifariki 1946. Miaka mitatu baadaye ikachapishwa ramani yake ya uoto wa nchi nzima, kwa kipimo cha moja kwa 2,000,000. Shajara zake zimehifadhiwa Oxford.

Reli ya kweli ilikuja kwa sababu nyingine na kwa njia nyingine. Tanzania, Zambia na China zilitia sahihi mapatano mwaka 1967; ujenzi ukaanza 1970, nayo TAZARA ikakabidhiwa 1976, kilomita 1,860 toka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi. Ilifika Tunduma Agosti 1973, mwaka ule ule ilipoungua reli ya John Allen. Lakini haikutoka Dodoma. Ilipita bonde la Kilombero, ikapanda toka Mlimba hata Makambako kwa mahandaki na madaraja, kisha ikashika njia ya Mbeya. Iringa ikaachwa kando.

Nilimchukua mwanafunzi yule tukaitandaza ramani ya uoto mezani. Kutoka Dodoma hata Tunduma, kwa barabara, ni kiasi cha kilomita 700; kwa kipimo cha ramani ile ni sentimita 35, pungufu ya dhiraa moja. Aliufuata mwendo huo kwa kidole, akasimama Iringa. Mtu wa Iringa anayetaka kupanda TAZARA hupanda basi kwanza, apite Mafinga, ashuke Makambako, safari ya zaidi ya kilomita 150. Aliipima kwa rula: sentimita saba na nusu, au nane.