Malezi ya Mayatima Katika Visiwa vya Lamu

Kabla ya serikali kuweka sheria za watoto, watu wa Amu, Pate, Siyu na Faza walikuwa na desturi yao ya kuwalea mayatima. Mtoto aliyefiwa alichukuliwa na ami, khalati au nyanya yake, akalala pamoja na watoto wa nyumba, akapelekwa chuoni. Jina la babaye halikuondolewa. Urithi wake nao ulikuwa amana, kwa kuwa sheria ya Kiislamu yaamuru arudishiwe mbele ya mashahidi akiisha kubaleghe na kuonekana aweza kuutunza.

Lakini desturi hiyo ilitegemea jamaa, na wako watoto waliokuwa hawana jamaa. Biashara ya watumwa iliwaleta pwani wengi waliotengwa na wazazi wao. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alikubali kuipiga marufuku biashara hiyo baharini, na mwaka 1875 wamisionari wa C.M.S. wakaanzisha Freretown, karibu na Mombasa, ili kuwapokea waliookolewa. Huko watoto walipata malazi, chakula na masomo, lakini wengi wao hawakuwaona tena wazazi wao.

Huku Amu, Habib Swaleh, aliyetoka Ngazija, aliwafundisha hata watoto wa watumwa na wa wanyonge, jambo ambalo baadhi ya wakubwa wa mji hawakulipenda. Msikiti wa Riyadha, aliouanzisha mwishoni mwa karne ya 19, ukawa makao ya wanafunzi waliotoka mbali. Serikali ilipofuta utumwa mwaka 1907, mlango huo ulikuwa umekwisha funguliwa.

Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inaitambua kafala, yaani malezi ya Kiislamu ambayo mlezi humtunza mtoto bila kuubadili ukoo wake. Mpango wa serikali wa mwaka 2022 hadi 2032 nao wataka watoto watoke katika makao, warudi katika jamaa.

Desturi ya wazee wetu imepata nguvu ya sheria. Hata hivyo ina hatari yake. Makao yana daftari na mkaguzi, lakini ndani ya nyumba ya jamaa yatima aweza kugeuzwa mtumishi, akateka maji wenziwe wakiwa shuleni, na shamba la babaye likauzwa asijue. Kwa hiyo yawapasa wazee wa kila mtaa wawajue mayatima wao kwa majina, wawatembelee, na kuziandika mali zao mbele ya mashahidi mara baada ya maziko.