Siku tisa za Kapteni Berndt

Huku chuoni tumefika kwenye huduma za wavuti, zile operesheni za upande mmoja. Unatuma ombi, seva inajibu 202, yaani "nimepokea", basi. Kama kazi imekwisha au la, shauri yako. Sisi wa Kyela somo hili tunalo ziwani tangu 1914.

Uingereza na Ujerumani ziliingia vitani tarehe 4 Agosti 1914. Ziwa Nyasa Wajerumani walikuwa na meli Hermann von Wissmann, iliyoletwa vipande vipande kupitia mto Zambezi na Shire miaka ya 1890. Nahodha wake, Berndt, alikuwa rafiki wa kunywa pamoja na Rhoades wa meli ya Kiingereza, Gwendolen.

Rhoades akapewa amri ya kuiangamiza Wissmann. Tarehe 13 Agosti akaikuta Sphinxhaven, Liuli ya leo (ukishuka na meli toka Itungi unaipita kabla ya Mbamba Bay). Ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Mzinga ukalia! Berndt akapiga kasia mbio kwenda kumfokea rafiki yake, akidhani kalewa. Ndipo akaambiwa kuna vita, akatiwa mbaroni hapo hapo.

Watu hucheka. Mimi namuona Berndt kama ile programu inayoendelea na kazi baada ya 202. Seva imeshafunga ombi, imelifuta na kulitumia kwa mteja mwingine, yeye bado analisoma. Dawa yake ni kunakili mapema unachohitaji, jina la mtumaji na vichwa vya ombi, kabla jibu halijatoka. Berndt siku tisa aliishi kwenye amani iliyokwisha kufutwa, na hakuna aliyemnakilia chochote.

Kicheko chenyewe hakikudumu. Kikosi cha Wajerumani toka Tukuyu kilivuka Songwe, na tarehe 9 Septemba wakapigana Karonga. Mizigo ya vita ile walibeba babu zetu, ambao hakuna aliyewauliza.

Na ushindi wa Rhoades? London walishangilia, lakini meli ilikuwa bado inatengenezeka. Tarehe 30 Mei 1915 Waingereza ikabidi warudi Liuli kuiharibu tena. Mwaka 1918 wakaiopoa wenyewe, wakaipa jina King George V.