Mbwa Aitwaye Waache

Wiki niliyorudi Kinango na begi langu, bila shahada, babu alileta kijibwa cha kike cha rangi ya mchanga. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, karo imetushinda. Majirani walikuwa na maswali yao: eti si huyu ndiye aliyechinjiwa mbuzi akienda Nairobi? Babu hakumjibu mtu. Alimpa mbwa jina tu: Waache. Basi kila jioni akawa anasimama uani na kuita kwa sauti ya kufika barabarani, "Waache! Waache!" Mbwa anakuja mbio, na aliyekusudiwa amesikia.

Rafiki zangu wa mjini huniambia kufurahia mbwa ni mambo ya Wazungu wa Diani, wale wanaowatembeza ufukweni kwa kamba. Nilikuwa na muda mwingi na simu yenye bando, nikaanza kuchimba.

Hebu anza na neno lenyewe. Farasi alikuja na jina lake kutoka Uarabuni. Mbwa je? Waganda husema embwa, Wanyarwanda imbwa, Washona imbwa, na ukisikiliza Kilingala ni mbwa vilevile. Hilo ni neno moja la kale lililosambaa pamoja na lugha za Kibantu, kutoka misitu ya magharibi hadi Bahari ya Hindi. Hatukuletewa na meli. Tulikuwa nalo tayari.

Hapa kwetu kwa Waduruma mbwa alikuwa na kazi: kuwinda. Kisha sheria za wanyamapori zikabana, tangu enzi za mkoloni. Mwaka 1968 Shimba Hills ikatangazwa hifadhi ya taifa, na mwaka 1977 serikali ikapiga marufuku uwindaji nchi nzima. Mbwa wa msasi akakosa kazi, akabaki nyumbani kama mimi. Alichobakiwa nacho ni kubwekea fisi wanaonyemelea mbuzi usiku, na nyani wanaoingia kwenye mahindi.

Wengi husema pia kwamba Pwani hatupendi mbwa kwa sababu ya dini. Ni kweli majirani zetu Waislamu, wanaofuata madhehebu ya Shafii, huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi. Chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Lakini mzee mmoja Mdigo, rafiki ya babu, alinikumbusha kwamba kuna mbwa ndani ya Kurani yenyewe. Yumo katika Sura ya Al-Kahf, amelala mlangoni mwa pango akiwa pamoja na vijana waliokimbilia humo na imani yao. "Hakuingia ndani, lakini hakuwaacha," mzee alisema. Waache naye hulala mlangoni. Mzee huyo akija, mimi humfunga mbwa, naye hunishukuru. Heshima haigharimu kitu.

Kitu cha kuogopwa kweli ni kichaa cha mbwa. Kisa cha kwanza kuthibitishwa Kenya kilikuwa cha mwaka 1912, mbwa mmoja pembezoni mwa Nairobi, ingawa Louis Pasteur alikuwa amemchanja binadamu wa kwanza tangu 1885. Mwaka 2014 serikali ilianza mpango wa kuumaliza ugonjwa huo kufikia 2030. Kwa hiyo kila mwaka mimi na Waache hufunga safari kwa daktari wa mifugo, yeye akivuta kamba kurudi nyumbani, mimi nikivuta kwenda. Ukitaka raha ya mbwa, lipia sindano yake.

Na raha yenyewe ni ndogo tu. Nikitoka kuchota maji, mkia unaanza kupiga kabla sijafika langoni. Haniulizi nitamaliza lini. Babu husisitiza kwamba mbwa ni wa mbuzi, si wa kuchezewa, lakini nimemfumania akimwekea kipande cha sima chini ya kigoda.

Sasa Waache ana mimba. Majuzi yule jirani wa maswali alikuja kuomba kijibwa kimoja. Babu akamwelekeza kwangu: "Mwulize mwenyewe." Nikamuuliza atakipa jina gani. Akatazama chini, akacheka. Nami nikacheka.