Mkunga Wakati wa Vita

Wasikilizaji wetu, watu wanapoeleza habari za vita hutaja majemadari, bunduki na miji iliyotekwa. Leo twataka kuuliza jambo lingine: mama mwenye mimba hupata msaada gani vita vikiingia nchini mwake?

Sisi watu wa Bukoba tunao mfano wa karibu. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakashika nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera, yapata maili mraba 700. Tarehe 3 Novemba daraja la Kyaka likavunjwa, na maelfu ya watu wakakimbilia kusini. Izimbya iko ng'ambo hii ya mto, nayo haikutekwa. Lakini madhara ya vita hufika mbali kuliko risasi. Malori na mabasi yalichukuliwa kwa kazi ya jeshi. Vita vilipokwisha, mwaka 1979, Rais Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Petroli, sabuni na dawa zikawa adimu.

Fikirini maana yake kwa mama. Pasipo petroli, mwenye uchungu wa siku mbili hafikishwi hospitali. Pasipo sabuni, homa ya uzazi huingia. Na mama atokwaye na damu nyingi baada ya kuzaa aweza kufa kwa muda wa saa mbili tu. Vita vyaweza kumzuia dereva; haviwezi kumzuia mtoto ambaye siku yake imetimia.

Je, dawa yake ni nini? Jirani zetu wa Uganda waliionyesha zamani. Katika vita vya 1914 hadi 1918 hospitali ya Mengo ilipokea majeruhi. Baada ya vita Katharine Cook, mke wa daktari Albert Cook, alifundisha wanawake wa nchi ukunga. Shule yao ilifunguliwa mwaka 1921, na waliohitimu wakatumwa vijijini. Kadhalika katika miaka ya 1970 Tanzania ilifundisha wasaidizi wa afya ya mama na mtoto kwa ajili ya zahanati za mashamba.

Basi twaona ya kuwa msaada udumuo ni ule ukaao karibu na nyumba. Wazee wa kijiji, mpelekeni binti yenu mwenye akili akajifunze ukunga wakati wa amani. Nanyi akina mama, nendeni mkapimwe mapema, mkunga awajue kabla njia hazijafungwa.