Maporomoko ya Kalambo: Urithi Ulio Mlangoni Kwetu



Tukiulizwa kwetu ni wapi, wengi wetu huanza kutaja maporomoko. Ni haki yetu. Mto Kalambo unaanguka kwa mkupuo mmoja zaidi ya mita 200, kisha unashika njia ya bondeni hadi Ziwa Tanganyika.

Lakini sifa ya mahali hapa si maji tu. Mwaka 1953 mtaalamu wa mambo ya kale, J. Desmond Clark, alianza kuchimba juu ya maporomoko, upande ambao leo ni Zambia. Alipata zana za mawe na miti iliyochongwa. Kwa kawaida mti huoza; huu ulisalimika kwa kuwa ardhi ilibaki imelowa maji. Mwaka 2019 timu ya Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool ilifukua magogo mawili yaliyopishanishwa, moja limekatwa pengo ili likae juu ya jingine. Utafiti wao wa mwaka 2023 ulikadiria umri wake kuwa miaka 476,000 hivi, kabla binadamu wa aina yetu hajatokea. Ujenzi wa mbao wa kale kuliko huo haujapatikana popote duniani.

Karne nyingi baadaye walikaa hapo wakulima na wafua chuma, wakaacha vyungu vyao. Kisha ukaja mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa Julai 1890, na mto ukawa alama ya mpaka. Walungu wakajikuta wa nchi mbili, ingawa ndoa na misiba haikujua mpaka.

Leo upande wetu ni hifadhi ya msitu, na wageni wanakuja. Mgeni amesoma habari hizi kwao. Kijana wetu anayemwongoza hana hata ukurasa mmoja wa Kiswahili mkononi. Hilo ndilo linalotuuma.

Kwa hiyo sehemu ya michango ya mwaka huu tumeielekeza kwenye kijitabu cha historia ya maporomoko kwa shule zetu za msingi, na miche ya kupanda kandokando ya vijito vinavyoulisha mto. Miti ikiisha huko juu, maji nayo yatapungua, na tutabaki kuonyesha jabali kavu.

Mwacha asili ni mtumwa. Changia kwa kadiri ulivyojaliwa; kidogo chako na changu ndicho kitakachofikisha kitabu darasani.