Kubadilisha kaliba ya bastola

Kubadilisha kaliba ya bastola ni kazi ya kuondoa baadhi ya sehemu za bastola ya nusu-otomatiki na kuweka nyingine, ili silaha hiyo ipige risasi za kipimo tofauti na kile ilichotengenezewa. Kaliba ni kipenyo cha ndani cha mtutu, na kwa kawaida hutajwa pamoja na aina ya risasi. Huandikwa kwa milimita (mfano 9 mm) au kwa sehemu za inchi (mfano .22 au .45).

Kaliba ni sehemu ya utambulisho wa silaha. Kwa hiyo kuibadilisha si suala la ufundi tu, bali pia la usalama na la sheria.

== Jinsi bastola inavyofanya kazi ==

Risasi kamili ina sehemu nne: ganda, fataki, baruti na kichwa. Pini ikigonga fataki, baruti huwaka na gesi yake husukuma kichwa kupitia mtutu. Nguvu hiyo hiyo hurudisha nyuma slaidi, yaani sehemu ya juu ya bastola inayoteleza. Slaidi huchomoa ganda tupu na kulitupa nje. Kisha springi huirudisha mbele, nayo huingiza risasi mpya kutoka magazini.

Kwa sababu hiyo mtutu, slaidi, springi na magazini hutegemeana. Risasi yenye nguvu ndogo huweza kushindwa kuisukuma slaidi nzito, na yenye nguvu kupita kiasi huweza kuivunja silaha. Ugumu wa mabadiliko hutegemea jinsi risasi mbili zinavyofanana. Mfano ni .40 S&W ya mwaka 1990 na .357 SIG ya mwaka 1994. Ya pili ilitokana na ganda la ya kwanza lililobanwa shingo, hivyo matako ya maganda yao ni sawa. Katika baadhi ya bastola tofauti yao ni mtutu tu.

== Sababu ==

Sababu ya kwanza ni gharama ya mazoezi. Katika miaka ya 1930 kampuni ya Colt ya Marekani ilitoa vifaa vya kuiwezesha bastola yake ya .45 kupiga risasi ndogo za .22, ambazo ni za bei nafuu na hazina mshindo mkubwa.

Sababu ya pili ni upatikanaji wa risasi. Mwaka 1916 jeshi la Ujerumani liliagiza bastola 150,000 za Mauser C96 za kaliba ya 9 mm, ingawa bastola hiyo ilikuwa ya 7.63 mm. Tarakimu 9 ilichongwa kwenye mpini na kupakwa rangi nyekundu ili askari asikosee risasi.

Afrika Mashariki ilionja tatizo hilo kwa upande wa bunduki. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa Kijerumani hapa walikuwa na bunduki za Mauser za mwaka 1871, za 11 mm na baruti ya moshi. Risasi zilipopungua, jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck halikubadilisha mitutu bali lilibadilisha bunduki zenyewe, likitumia zilizotekwa kwa Waingereza na, baada ya mapigano ya Ngomano ya Novemba 1917, kwa Wareno.

== Hatari ==

Risasi isiyolingana na mtutu huweza kukwama, na risasi inayofuata ikipigwa mtutu hupasuka mikononi mwa mpigaji. Ganda dogo kuliko chemba nalo huweza kupasuka na kurusha gesi ya moto. Kwa hiyo kaliba huandikwa kwenye mtutu na kwenye kitako cha ganda, na hupaswa kulingana.

== Utambuzi wa silaha ==

Mtutu wa bastola una mifuo ya mzunguko ndani yake, nayo huacha alama kwenye kichwa cha risasi. Wachunguzi hulinganisha alama hizo ili kujua risasi ilitoka silaha ipi. Mtutu ukibadilishwa, alama hubadilika, hata kama namba iliyo kwenye fremu imebaki ileile. Gobore la kienyeji huleta shida kubwa zaidi: mtutu wake ni laini, na mara nyingi halina namba wala kaliba maalumu.

== Sheria ==

Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 kuhusu silaha za moto inahesabu mtutu, fremu na slaidi kuwa vipuri vinavyopaswa kudhibitiwa kama silaha yenyewe. Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004, ambayo Tanzania ilitia sahihi, inazitaka nchi za kanda kuweka alama na kumbukumbu za silaha.

Nchini Tanzania silaha za kiraia husimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Leseni hutolewa kwa silaha mahususi iliyoandikishwa, si kwa bastola yoyote. Mkazi wa kata ya Maisaka mjini Babati mwenye leseni ya bastola ya 9 mm hawezi kuichukulia leseni hiyo kuwa ruhusa ya kuweka mtutu wa .40. Mahali pa kuanzia ni polisi, kabla kipuri hakijanunuliwa.