Daraja la sarafu: istilahi tatu na dola moja ya 1804

Agosti 2021, mnada mmoja wa Marekani uliuza sarafu ya fedha, fedha ile ya madini, kwa dola 7,680,000. Sarafu hiyo imeandikwa mwaka 1804, lakini ilipigwa miaka thelathini baadaye. Inaaminika kuwa ndiyo iliyotolewa zawadi kwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Muscat na Zanzibar, na wataalamu wameipa namba 68 katika kipimo kinachoishia 70.

Anayetaka kuitafsiri habari hiyo kwa Kiswahili hukwama mahali pamoja. Wataalamu hao walifanya nini hasa? Wengi wataandika kwamba "waliikagua" na kuendelea na safari. Lakini ndani ya kukagua huko mna kazi tatu, kila moja na swali lake. Ya kwanza huuliza: je, ndiyo yenyewe? Ya pili: iko katika hali gani? Ya tatu: inafaa kulipiwa kiasi gani? Napendekeza tuziite uhakiki, upangaji wa daraja na uthamini, na nitaeleza kwa nini zisichanganywe.

Uhakiki kwanza. Wapo wanaosema "uthibitishaji", ila neno hilo limeshatoa hukumu kabla ya kesi kusikilizwa: anayethibitisha amekwisha kusema ndiyo. Mhakiki anaweza kusema ndiyo au hapana. Nchini Tanzania tumezoea kusikia uhakiki wa vyeti, na kila mtu anajua kuwa kuna vyeti vinavyopita na vinavyokwama. Uthibitisho na ubaki kuwa jina la matokeo, yaani hati anayopewa mwenye sarafu iliyopita.

Dola ya 1804 inaonyesha jinsi swali la mhakiki lilivyo gumu. Mwaka 1833 mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, alitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said mjini Muscat. Alipokuwa akijiandaa kurudi na hati zilizoridhiwa, serikali yake iliagiza mwishoni mwa 1834 zitengenezwe seti za sarafu za zawadi, zikiwemo za Sultani wa Muscat na za Mfalme wa Siam. Kiwanda cha sarafu cha Philadelphia kilikuwa hakijapiga dola ya fedha kwa miongo mitatu. Madaftari yake yalionyesha kwamba dola za mwisho, 19,570 kwa idadi, zilitoka mwaka 1804. Basi mafundi wakachonga mihuri mipya ya chuma na kuiandika mwaka huo. Watafiti wanaamini kwamba zile za kwenye daftari zilipigwa kwa mihuri ya zamani, yenye mwaka 1803 au wa nyuma yake. Kwa hiyo dola za kwanza kubeba mwaka 1804 ni hizi za zawadi.

Je, ni bandia? La. Zilipigwa na kiwanda cha serikali kwa agizo la serikali. Wasomaji wa pwani hawatashangaa sana, kwani reale ya Maria Theresa, iliyotumika sana Zanzibar na Oman, iliendelea kupigwa kwa vizazi vingi ikiwa na mwaka uleule wa 1780, mwaka aliofariki malkia huyo. Mhakiki, basi, haulizi tu kama tarehe inasema kweli. Anauliza nani aliipiga, kwa muhuri upi na kwa idhini ya nani. Kwa maswali hayo, dola za 1804 zinazojulikana leo zimegawanywa makundi matatu: nane za kundi la zawadi, moja iliyopigwa juu ya sarafu ya Uswisi ya 1857, ambayo sasa imo katika makumbusho ya Smithsonian, na nyingine zilizotengenezwa baadaye kwa ajili ya wakusanyaji.

Mezani, uhakiki huanza na mizani. Dola ya Marekani ya enzi hiyo ilitakiwa kisheria kuwa na uzito wa gramu 26.96, fedha ikiwa karibu asilimia 89 na shaba ikijaza kilichobaki. Sarafu hupimwa kwanza hewani, kisha ikiwa imening'inizwa ndani ya maji. Iliyo sahihi hupungua kama gramu 2.6. Gawanya uzito wa hewani kwa upungufu huo, upate takriban 10.3. Ikiwa jibu ni karibu na 9, mwenye sarafu ameuziwa shaba iliyopakwa fedha.

Baada ya hapo huja kioo cha kukuzia. Sarafu ya kweli hupigwa chapa kwa shinikizo, hivyo herufi zake husimama wima na kingo zake ni kali. Ya kughushi iliyomiminwa kalibuni mara nyingi huwa na herufi zilizolegea, vitundu vidogo vya hewa, na pengine mstari kwenye ukingo mahali nusu mbili za kalibu zilipokutana. Ukingo wa dola za wakati huo una maandishi HUNDRED CENTS ONE DOLLAR OR UNIT, na waghushi wengi huyakosea. Wapo pia wajanja waliochukua dola halisi ya 1801 au 1803 na kuigeuza tarakimu ya mwisho kuwa 4. Hapo mizani haisaidii, kwa kuwa fedha ni ya kweli na uzito ni wa kweli. Kinachowafichua ni mikwaruzo na tofauti ya rangi kuizunguka tarakimu hiyo.

Sarafu ikishapita uhakiki ndipo hupangiwa daraja. Nimelichagua neno hili kwa kuwa Kiswahili kimeshalifanyia kazi: kahawa hupangwa kwa madaraja, na mwanafunzi hupata daraja la kwanza au la nne. Gredi nalo linaeleweka, hasa Kenya, na sina ugomvi nalo. Maneno mawili ndiyo nayakataa. Kiwango ni mpaka wa kufikiwa, ambao bidhaa ama huufikia ama haiufikii. Ubora unaingiza uzuri wa mchoro na ustadi wa fundi, mambo ambayo sarafu ilizaliwa nayo pamoja na wenzake wote wa toleo lake. Mpangaji wa daraja hutazama hasa kilichoipata sarafu hii moja tangu ilipotoka kiwandani.

Kipimo kinachotumika, cha 1 hadi 70, kilitungwa na Mmarekani William Sheldon na kutolewa mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za zamani. Moja ni sarafu iliyosagika hadi inatambulika kwa shida. Kuanzia 60 ni sarafu ambayo haikuingia katika mzunguko. Mtafsiri awe mwangalifu hapa: daraja la 4 Wamarekani huliita kwa neno lenye maana ya "nzuri", ilhali ni sarafu iliyochakaa kweli. Ni afadhali kuandika namba na kueleza kilichobaki: sura inaonekana, nywele zimefutika.

Mpangaji huizungusha sarafu chini ya taa moja na kutazama mng'aro unavyotembea juu yake. Hukagua sehemu zilizoinuka zaidi, kama, kwenye dola hizi, nywele juu ya paji la uso la mwanamke anayewakilisha Uhuru, na kifua cha tai upande wa nyuma, kwani uchakavu huanzia huko. Pia hupambanua majeraha ya baadaye na alama za kuzaliwa. Dola nyingi za miaka ya 1790 zina mistari ya tupa, kwa sababu kisahani cha fedha kilichozidi uzito kilipigwa tupa kiwandani kabla ya kutiwa chapa. Mistari hiyo si uharibifu wa mtumiaji. Kusugua kwa ndimu na majivu ni uharibifu, na sarafu iliyosuguliwa hivyo mara nyingi hunyimwa namba kabisa, hata kama ni halisi.

Kazi ya tatu ni uthamini, neno lenye ofisi na taaluma yake, kwani wathamini wa ardhi na majengo tunao. Inafaa kujua kwamba Sheldon mwenyewe alichanganya mambo: alikusudia sarafu ya daraja la 70 iwe na bei mara sabini ya ile ya daraja la 1. Soko liliuvunja uhusiano huo zamani, namba zikabaki kupima hali peke yake. Ushahidi uko wazi. Dola ya 1794, mwaka wa kwanza wa dola ya Marekani, ambapo zilitolewa 1,758 tu, iliuzwa Januari 2013 kwa dola 10,016,875 ikiwa na daraja la 66. Ile ya Sultani ina 68 na ilipata pungufu. Mthamini hutazama daraja, halafu huuliza zimebaki ngapi, nani aliimiliki, na wanunuzi wangapi wanaitaka leo.

Kwa hiyo anayeandika kwamba sarafu "imethaminiwa kuwa halisi" ameunganisha kazi mbili zisizokutana, na anayesema ina "daraja la mamilioni" amekosea zaidi. Na wewe uliyerithi reale ya bibi au sarafu ya Sultan Barghash wa Zanzibar, usiisugue. Ipeleke kwa mhakiki kwanza, kisha kwa mpangaji wa daraja, na mthamini aje mwisho. Yeyote akianza na bei kabla ya kuigusa mizani, chukua sarafu yako uondoke.